HOTUBA JUU YA KUPIMA MALI NA KUPIMA HABARI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wakulima, Mkomaindo, Masasi.)



Nawashukuru kwa kuniita nije kusema nanyi kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Mimi si mwalimu, wala si mtu wa serikali. Nilikuwa karani wa kupima katika chama cha msingi kwa miaka mingi, tena ni mkulima kama ninyi. Basi yale nitakayosema ni yale niliyoyashika kwa mkono wangu, au niliyoyahakikisha kwanza.

Kila jioni, watu wakikaa barazani, huzungumza habari zilizofika siku ile. Nimesikiliza sana, nami naona ya kuwa mazungumzo yetu hurudia maneno matatu. La kwanza ni la askari. Husemwa, “Kazi hii wangepewa wanajeshi, mambo yangenyoka siku moja.” La pili ni la vyombo vipya. Husemwa, “Simu imeleta wizi, heri zamani.” La tatu ni la biashara. Husemwa, “Mnada ni wa wakubwa, mkulima hupokea tu.” Kila neno katika haya lina chembe ya kweli, lakini chembe si kibaba. Leo nataka tuyapime kama tunavyopima korosho. Tuondoe mchanga na mabibo yaliyokauka, kisha tuone zimebaki kilo ngapi.

Naanza na neno la askari, maana sisi watu wa kusini tuliwaona kwa macho.

Mwaka 2018, mwezi wa Oktoba, minada ilipofunguliwa, bei waliyotaja wanunuzi ilikuwa ya chini, na wakulima wakakataa kuuza. Mashauri yakawa mengi. Tarehe 12 Novemba mwaka ule Rais John Pombe Magufuli akatangaza ya kuwa serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kila kilo, na Jeshi la Wananchi litazibeba. Mnakumbuka wenyewe. Malori ya jeshi yakaingia vijijini, watoto wakayakimbilia, na askari wakapakia magunia na kulinda maghala. Wazee waliokuwa wamejifunza kuogopa gari la jeshi walishangaa kuona askari akiinama kubeba gunia la mkulima. Hilo lilikuwa jambo la heshima, wala sitalipunguza.

Lakini sikilizeni vema. Jeshi laweza kubeba, laweza kulinda, tena laweza kufika mahali penye njia mbaya. Jeshi haliwezi kula korosho. Msimu ule zilipatikana zaidi ya tani 220,000, na desturi ya korosho zetu nyingi ni kwenda India na Vietnam zikiwa hazijabanguliwa. Kwa hiyo, baada ya kuzibeba, ilibaki kazi ya kutafuta mnunuzi, na kazi hiyo ilivuka mwaka ikaingia 2019. Tena ilibaki kazi ya kujua kila gunia ni la nani. Ukaja uhakiki, na wengine walifuatwa hata shambani ili ionekane kama mikorosho yao yaweza kuzaa kilo walizoandika. Malipo ya watu wengi yakachelewa. Msimu uliofuata biashara ikarudi mnadani kwa wanunuzi wa kawaida.

Basi kisa hiki chatufundisha nini? Chatufundisha ya kuwa hata mkono wenye nguvu kuliko yote katika nchi, ukifika mlangoni pako, utakuuliza swali lile lile alilouliza karani wa zamani: jina lako nani, kilo zako ngapi, na karatasi yako iko wapi?

Nami nitawaambia aibu yangu mwenyewe, ili mjue ya kuwa sisemi kwa kuwadharau wengine. Mwaka ule wa 2018 nilipima korosho zangu, kilo 412. Kwa bei ya 3,300 hizo ni shilingi 1,359,600 kabla ya jambo lingine lolote. Mimi niliyepima za watu miaka mingi nilijiona mjuzi. Nilipoambiwa nitaje namba ya akaunti yangu, niliitaja kwa moyo, sikutazama kijitabu. Fedha za jirani zangu zikaja, zangu hazikuja. Nikalaumu kila mtu. Nililaumu askari, nikalaumu benki, nikamlaumu na katibu, ambaye ni shemeji yangu. Mke wangu alinivumilia kwa wiki kadhaa, kisha akaniuliza, “Baba, ile karatasi iko wapi?” Tulipoileta na kuiweka kando ya kijitabu cha benki, tukaona tarakimu mbili zimepishana, tano imekaa mahali pa nane. Aliyekosa ni mimi. Kosa likasahihishwa, na fedha zikaja, lakini wakati huo mwanangu alikuwa ameanza kidato cha kwanza kwa sare ya kuazima, nami nilikuwa nimekwisha kuuza baiskeli.

Lakini mimi nilikuwa na heri. Jirani yangu mmoja, wala sitamtaja, alikuwa ameuza korosho zake kwa kangomba tangu miezi ya njaa, zingali maua mtini. Alikuwa na mgonjwa, na mtu mwenye mgonjwa hana subira. Akapewa shilingi 1,000 kwa kila kilo, kilo 200. Bei ya 3,300 ilipotangazwa, alikaa nje ya ghala akitazama magunia aliyoyaokota yeye na watoto wake, yameandikwa jina la mtu mwingine. Hesabu ni hii: alipokea 200,000 mahali pa 660,000. Shilingi 460,000 zilikwenda, na palizi ilikuwa yake, na salfa ilikuwa yake, na mgongo uliouma ulikuwa wake. Malori mia ya jeshi hayawezi kumrudishia mtu mali aliyokwisha kuiuza.

Labda kijana atasema, “Mzee, hayo ni mambo ya karatasi. Sasa ni zama za habari zinazopita hewani.” Mwanangu, habari za hewani hazikuanza jana, hata hapa kwetu. Nitakupa kisa chake.

Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilisukumwa na Waingereza mpaka nchi yetu ya Masasi na uwanda wa juu wa Makonde. Dawa na risasi zilikuwa zimepungua sana. Huko Ulaya Wajerumani wakatengeneza chombo kikubwa cha kuruka, namna ya Zeppelin, jina lake L 59, chenye kuinuliwa na gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Kikapakiwa tani 15 hivi za dawa, risasi na vitu vingine, kikaamriwa kuja moja kwa moja mpaka uwanda wetu wa Makonde. Wala hakikutazamiwa kurudi, maana hata kitambaa chake kilikusudiwa kigeuzwe mahema na nguo za askari.

Kiliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917. Kikavuka bahari, kikapita Misri, kikaingia Sudani. Tarehe 23 kikapata habari kwa simu ya upepo ya kuwa uwanda wa Makonde umekwisha kutwaliwa na Waingereza, basi kirudi. Kikageuka. Tarehe 25 kilifika tena Jamboli, kimekwisha kukaa hewani saa 95 na kwenda kilometa zipatazo 6,757 bila ya kutua. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma huko Ngomano, akaingia Msumbiji, akateka silaha na chakula katika ngome ya Wareno.

Tazameni ukubwa wa neno. Habari fupi iligeuza tani 15 za mali katikati ya safari. Wakuu walikuwa na mtambo wa kupokea habari, na walikuwa na watu wa kuifikiri. Lakini wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile kwa vichwa, maelfu kwa maelfu, upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza, hawakuwa na mtambo, na wengi hawakuwa hata na majina yao yaliyoandikwa sawasawa. Walikufa kwa maradhi na njaa. Wengi wa waliokufa, mishahara yao haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa madaftari hayakuonyesha vema huyu ni nani na kijiji chake ni kipi. Mtu aliyebeba mzigo wa dola kubwa akapotea kama mtu asiyezaliwa, kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

Vita ya pili ilipokuja, mambo ya daftari yalikuwa yamegeuka. Mjomba wa mama yangu alichukuliwa katika K.A.R. akaenda mpaka Burma. Kila askari alikuwa na namba yake, na sehemu ya mshahara iliweza kulipwa kwa jamaa zake huku nyumbani. Yeye alimwandika dada yake, yaani bibi yangu, kama ilivyo desturi yetu. Bibi hakujua kusoma. Lakini karatasi yenye namba ya kaka yake aliiweka katika mkebe wa chai, na mkebe akaufukia chini ya kitanda, mchwa wasiupate. Siku moja alikwenda kupokea, akaambiwa, “Mama, jina lako halipo.” Hakulia wala hakutukana. Aliketi chini, akafungua mkebe, akatoa karatasi. Daftari likapekuliwa tena, jina likaonekana ukurasa mwingine, limeandikwa vibaya. Akalipwa. Mama yangu alinihadithia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kusema, “Bibi yako hakujua kusoma, lakini alijua kutunza.”

Sasa naja katika neno la simu. Je, ni kweli ya kuwa simu imeleta wizi? Wezi walikuwapo kabla ya simu. Wazee wanakumbuka jinsi mtu alivyotoka kupokea fedha za korosho amezifunga katika kitambaa kiunoni, akapita njia ya porini huku moyo ukimdunda, na wengine hawakufika nazo. Desturi ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008, ilituondolea hofu hiyo. Leo mama aliye Newala aweza kumtumia mgonjwa wake aliyelazwa hapa Mkomaindo fedha za dawa kabla hajamaliza kutaja jina lake. Hiyo ni neema kubwa.

Lakini mwizi naye amebadili kazi. Zamani alivunja kufuli, sasa anakuomba ulifungue mwenyewe. Huleta ujumbe, “Ile hela itume kwenye namba hii,” naye hajui ni hela gani, ila anajua ya kuwa kila mtu ana hela anayodaiwa. Au hukupigia akajiita mtu wa kampuni ya simu, akataka namba yako ya siri. Au huleta ujumbe unaosema fedha zimekufikia kwa makosa, uzirudishe upesi. Serikali ilianza kuandikisha laini za simu kwa alama ya kidole mwaka 2019, na tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizoandikishwa zikaanza kufungwa. Ni jambo jema, lakini alama ya kidole haimzuii mwenye kidole kutaja siri yake. Ujumbe si fedha, ni habari ya fedha tu. Basi ukiupata, tazama kwanza salio lako, kama vile ulivyotazama sindano ya mizani kabla ya kukubali neno la karani.

Neno la tatu ni la mnada. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na katika korosho tulianza kuitumia mwaka 2007. Maana yake ni hii: mkulima huleta korosho katika chama chake cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi, korosho huwekwa ghalani, na wanunuzi hushindana. Msimu wa mwaka 2024 mnada wetu uliingia katika kompyuta kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania. Wanunuzi walitaja bei bila kuonana, na katika minada ya kwanza ya Oktoba mwaka ule bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini yule asemaye ya kuwa mkulima hupokea tu, naomba anijibu. Kompyuta haijui wewe ni mtoto wa nani. Inajua uzito na ubora. Nani aliyezianika korosho siku za kutosha? Nani aliyezichambua, nani aliyezificha mvua isizipate? Ni mkulima. Mtu mmoja akitia mchanga au korosho mbichi katika gunia, anashusha bei ya ghala zima, hata ya mjane aliyeanika zake vizuri. Tena bei ya mnadani siyo bei ya mfukoni. Hutoka ushuru wa halmashauri, hutoka fedha za ushirika, za ghala na za usafiri. Mwanachama ana haki ya kusomewa makato hayo, kila moja kwa jina lake, katika mkutano wa chama. Lakini siku ya mkutano mimi huona viti vitupu, na siku ya malipo huona watu hata wa kupanda juu ya mti. Mtu asiyekwenda mkutanoni asiseme mnada ni wa wakubwa, kwa kuwa amewaachia wakubwa yeye mwenyewe.

Basi nikusanye maneno yangu, ili kila mtu aende nayo nyumbani.

Kwanza, pima nyumbani kabla ya kupima ghalani. Kama huna mizani, azima. Andika kilo zako ukutani kwa mkaa, kama huna kalamu. Na ghalani tazama kama mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo. Kuitazama si kumtukana karani. Mimi nilikuwa karani, nami nilimpenda mtu aliyetazama, maana huyo hakunisingizia.

Pili, usitoke ghalani bila stakabadhi, wala usiikunje mfukoni mwa suruali ya kazi. Soma jina, soma kilo, soma namba ya akaunti, tarakimu kwa tarakimu, ukilinganisha na kijitabu. Kama hujui kusoma, nenda na mtoto wako wa shule. Hapo ndipo gharama ya shule yake inapoanza kurudi.

Tatu, namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema kwa sauti ya upole na kukuita mama.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, tukimbie kangomba. Najua ya kuwa njaa haisomi hotuba. Mtu mwenye mgonjwa mwezi wa Machi hawezi kungoja Oktoba. Kwa hiyo simlaumu peke yake, naulaumu ujirani wetu. Watu kumi wakiweka akiba kidogo kidogo wakati wa mavuno, katika sanduku lenye funguo tatu kwa watu watatu, mwezi wa Machi watamkopesha mwenzao aliyebanwa, naye atalipa korosho zitakapouzwa. Akina mama wa vijiji vingi wanafanya hivyo katika vikundi vyao, nasi wanaume tunawacheka, kisha tunakwenda kwao usiku kukopa. Tuache kuwacheka, tujiunge.

Wazee wangu, mimi siwakatazi kuzungumza barazani. Zungumzeni habari za simu, na za mnada, na za askari, maana mtu asiyetaka habari ni kama nyumba isiyo na dirisha. Vijana wetu wanaokwenda katika Jeshi la Kujenga Taifa na katika Jeshi la Wananchi ni watoto wetu, tuwaheshimu. Lakini tusingoje askari aje kututunzia karatasi ambayo bibi asiyejua kusoma aliweza kuitunza katika mkebe wa chai.

Ule mkebe ninao mpaka leo. Umekula kutu, na kifuniko chake hakifungi vizuri. Ndani yake mna stakabadhi zangu za kila msimu tangu mwaka 2007, na ile ya 2018 yenye tarakimu zilizopishana iko juu ya zote, ili niione kwanza kila nifunguapo.

Nimekwisha. Nawatakia msimu mwema, jua la kutosha kuanikia, na mizani ya kweli.